Makoja Yaliyoliwa Mpakani

Rekong Peo, 21 Agosti

Mpwa wangu Rigzin,

Mkuu wa wilaya alitangaza jana hapa Peo kwamba wataalamu wa India na China watakutana kwenye Mlango wa Shipki tarehe 9 Septemba kukagua njia ya biashara. Ni mara ya kwanza tangu mlango ufungwe miaka sita iliyopita. Alisoma karatasi, akaikunja, akakataa maswali. Nilimuuliza moja hata hivyo: kukagua njia ndiyo kuifungua? Akasema kukagua ni kukagua. Nimemnukuu hivyo hivyo gazetini.

Habari zilipanda kijijini Namgia kabla yangu. Nilimkuta mama yako barazani na sindano, anatunga neoza, mbegu za misonobari yetu, kwenye uzi. Koja moja lilikuwa limekwisha, la pili lilikuwa mapajani. Nikamwambia hawa ni wataalamu wa udongo na mawe, si bwana harusi. Akaniuliza toka lini mgeni akafika Kinnaur akaondoka shingo tupu. Tena ni neoza za mwaka jana, za mwaka huu bado ziko mtini, na aibu hiyo inamtosha.

Unajua anachokitaka. Vuli ile ya mwisho kabla ya kufungwa, farasi wake jike Nyima alichechemea upande wa pili, akamwacha zizini kwa Lhundup, mshirika wake wa Tibet, naye Lhundup akamkopesha nyumbu wake abebe sufu hadi nyumbani. Walipatana kubadilishana Juni. Juni ilikuja, mlango haukufunguka. Nyumbu bado yuko. Kijiji kizima sasa kinamwita Balozi, kwa sababu anakula kwetu na hasikilizi mtu. Mama yako humtukana kila asubuhi, na humpa matofaa ambayo mimi sijawahi kupewa.

Nusu yake ya jiwe ameishusha rafuni akaipangusa. Babu yako na baba yake Lhundup ndio waliolipasua, na mwenye nusu moja hafanyi biashara ng'ambo na mtu mwingine yeyote ila mwenye nusu ya pili. Wengine hapa wana leseni. Yeye ana jiwe.

Sasa swali, na nauliza kama mwandishi, si kama mjomba: katika orodha ya bidhaa mnayojadili huko Beijing, wanyama wamo? Nikiwa mjomba ningekuomba umsogeze farasi mmoja kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo siulizi kama mjomba.

Barua hii nampa dereva wa basi la Shimla. Mfuko wa barua wa ubalozi wenu utaichukua Delhi.

Mjomba wako,
Gyalchhan Negi


Beijing, 2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Kwanza, usinipigie simu juu ya mambo haya. Simu zetu huku zina wasikilizaji wengi kuliko redio. Andika. Mfuko wa ubalozi unachelewa lakini hausengenyi.

Pili, swali lako silijibu, na nitakueleza kwa nini. Juzi niliingia kwa naibu balozi, Bi. Lahiri, nikamwambia kwamba mama yangu ana farasi upande wa pili na nyumbu wa watu upande huu. Alikuwa anakunywa maji ya moto, maana amekaa hapa mpaka amekuwa kama wenyeji. Aliuliza farasi ana umri gani. Nikasema kumi na minne. Akasema, "Kuanzia leo hutagusa kiambatisho cha mifugo. Hutanikumbusha, na wala hutaniuliza." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo sijui, na nikijua nitakuwa nimekosea. Mama asiambiwe. Atadhani nimemnyima.

Nataka ulijue jambo moja kuhusu mwanamke huyu, kwa sababu magazeti yenu yanamwandika kama karani wa kupiga mihuri. Kwa miezi mitano amekaa meza moja na Bwana Qiu Wenzhao wa idara ya mipaka. Sijawahi kumsikia akisema hapana. Upande wa pili wakileta karatasi mbaya, anaisifu kwa kuwa fupi, anaomba wiki moja aisome, na wiki ikiisha wao wenyewe wanakuja na nyingine. Bwana Qiu anamfanyia vivyo hivyo. Watu wawili wanaopeana muda kama watu wengine wanavyopeana zawadi. Kabla yao, Mjomba, hata salamu zilikuwa zinapitia Singapore.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Daktari wa Peo alisema mapafu ya Mama yasipande juu ya Namgia. Nakuomba, tarehe 9 abaki nyumbani. Makoja yapelekwe na mtu mwingine.

Mpwa wako,
Rigzin


Namgia, 11 Septemba

Rigzin,

Ujumbe wa China ulivishwa makoja yetu juzi saa nne asubuhi, na kabla chai haijapoa makoja yote yalikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe. Hilo nimeliona mwenyewe. Nitakueleza kwa mpangilio.

Walikuwa saba. Bwana Qiu wako ni mrefu, mwembamba, na alikuja amevaa viatu vinavyofaa, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya wetu wa Delhi. Walivua kofia, wakainama, wakavishwa. Wakasema asante kwa Kihindi, mmoja mmoja, vibaya lakini wote. Wakapima njia. Wakakubaliana na wetu kwamba kipande kilichoporomoka chini ya mstari wa mpaka, upande wetu, lazima kitengenezwe kabla ya theluji, la sivyo hakuna kufungua Juni. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea.

Walipogeuka kurudi, binti mmoja wa afya ya mimea, jina lake Tan, alifungua mfuko wa njano. Wakavua makoja wakayatia humo. Akafunga, akabandika karatasi, akauacha mfuko juu ya jiwe upande wetu wa mstari, akainama tena. Nadhani kwake hiyo ilikuwa heshima.

Huhitaji kuambiwa kijiji kilivyosoma. Koja likivuliwa mlangoni mwa aliyelitoa, mgeni amesema nyumba yako ni chafu. Hira Lal wa dukani alisema hata polisi hawafungi bangi namna ile. Mwenyekiti wa kijiji ameandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya, na mstari wake wa mwisho ndio wenye uzito: hakuna mtu wa Namgia atakayeinua sururu kwenye njia ile. Mkandarasi wa nje hawezi kufika na kumaliza kabla ya theluji. Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Namgia wasipochimba, Juni hakuna mlango.

Nina picha ya mfuko juu ya jiwe. Mhariri wa Shimla anaitaka ukurasa wa kwanza. Bado sijaituma.

Mama yako alikuwepo. Nilimzuia kama ulivyosema, akaniambia nimzuie kwanza Balozi, nikifaulu nirudi kwake. Alivisha makoja mawili. Mzima, anakusalimu.

Gyalchhan


Beijing, 20 Septemba

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 11 imefika leo asubuhi. Imechelewa kwa siku moja tu, na siku hiyo nitakueleza.

Jana Bwana Qiu alikuja ubalozini kwa mazungumzo ya ndege za moja kwa moja kati ya nchi zetu. Walipomaliza, Bi. Lahiri alimwonyesha barua ya mwenyekiti wa kijiji, iliyokuwa imetufikia kupitia Delhi. Mimi nilikuwa mkalimani. Bwana Qiu aliisoma mara mbili. Halafu kabla ya kuijibu aliuliza kitu kingine.

"Yule mama mzee amepona?"

Bi. Lahiri akauliza mama yupi. Akasema ni yule aliyekaa ghafla juu ya jiwe, midomo imegeuka rangi, na watu wake wakawa wanampepea kwa kofia. Jiwe lilikuwa upande wetu, chupa ya hewa ilikuwa upande wao, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuvuka. "Tabibu wetu aliniangalia mimi. Nikamwambia mstari haupumui, anayepumua ni mtu. Akaenda." Mama huyo, akasema, alipopata pumzi alimtazama tabibu kwa hasira kana kwamba ni yeye aliyemwibia.

Nikatafsiri. Sentensi kwa sentensi, kama nilivyofundishwa. Alipofika kwenye kidani cha feruzi chenye pembe iliyovunjika, nilijua natafsiri habari za mama yangu mzazi. Niliitafsiri na hiyo. Sauti haikubadilika, nadhani. Bi. Lahiri alinisogezea kikombe chake cha maji ya moto, akaendelea kumwangalia mgeni.

Mjomba, uliandika rangi ya mfuko. Uliandika viatu vya watu. Hukuandika hilo.

Kuhusu makoja, hawakujua kabisa. Kwao ni sheria ya nchi, mbegu yoyote haivuki, hata ya Rais. Walipanga tangu Lhasa wayapokee kwa heshima na wayaache kwa heshima. Nilipoombwa kueleza maana yake kwetu, nilieleza. Bwana Qiu akasema yeye alikuwa wa mwisho kuvua koja lake, na mkono wake ulinukia utomvu wa msonobari mpaka siku ya pili.

Hapo ndipo Bi. Lahiri alipouliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Kanuni yenu inakataza mbegu kuvuka. Inakataza mbegu kuliwa?"

Bwana Qiu alitazama dirishani. Akasema itabidi awaulize wanasheria. Nilijua palepale kwamba jibu analo tayari, na kwamba atatumia siku kumi kulifikia ili wenzake nao walione ni lao.

Kuhusu picha: mimi ni mtumishi wa serikali, wewe ni mwandishi. Siwezi kukuomba usiichapishe. Kwa hiyo sikuombi. Nimekuambia tu kilichosemwa katika chumba ambacho hukuwemo, na hata hilo usilinukuu.

Rigzin


Namgia, 22 Septemba

Rigzin,

Gazeti limetoka juzi, na picha ya mfuko iko ukurasa wa kwanza. Nakuambatishia kipande. Barua yako yoyote ya baada ya tarehe 11 haijanifikia, kwa hiyo kama uliandika lolote juu ya jambo hili, nimeamua bila wewe. Soma aya ya nne. Soma ukiwa umekaa.

Mhariri aliitaka picha peke yake. Nilimwambia picha inakwenda na aya ya nne au haiendi. Aya hiyo inasema kwamba mwanamke mmoja wa Namgia alizidiwa na hewa nyembamba, na kwamba tabibu wa China alivuka mstari na chupa ya oksijeni, hakuomba ruhusa ya upande wetu, akabaki mpaka mama huyo akaanza kutukana. Nimemwita "mwanamke mmoja" kwa sababu jina lake si habari. Kwako ni habari, najua. Ungelijua mapema ungepanda ndege, na ungefika siku ambayo tayari anakata kuni.

Tangu litoke nalaumiwa na watu wa pande mbili. Huko Shimla wanauliza kwa nini nimechochea. Hapa kijijini wanauliza kwa nini nimewasifu Wachina. Nimewaambia sikusifu, nimeripoti. Hira Lal akasema kuripoti zuri la mtu siku aliyokutukana ni kusifu. Ni hoja nzuri kidogo, nimeiandika.

Aliyemaliza kelele ni mama yako. Kikao kilikuwa uani kwa mwenyekiti, na yeye alikuja kwa sababu alisikia anajadiliwa. Alisema hivi, na hapa namnukuu neno kwa neno kwa sababu ameniagiza:

"Mfuko niliuona, na ile hewa niliivuta. Yote mawili ni kweli. Kama mbegu haziruhusiwi kwenda kwao, basi wao waje kwenye mbegu. Wakae chini wale. Mgeni aliyekula mlangoni ameshaingia ndani."

Mtu akauliza wakikataa kula je. Akasema watu wanaotafuna mbegu za alizeti toka wakiwa watoto hawawezi kuiona neoza wakatulia. Alikuwa nao sokoni miaka ishirini na tano, anawajua.

Jioni walimtoa devta, mungu wa kijiji, kwenye kiti chake cha mabegani wakamuuliza kama makoja yatungwe tena. Kiti kiliinama kuelekea Shipki. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili na sina maoni juu ya kilichokiinamisha. Niliona kikiinama.

Kesho asubuhi watu kumi na wanane wanakwenda na sururu.

Gyalchhan

Mama yako anasema niongeze: "Mwambie Rigzin sikufa. Mwambie pia yule kijana wa oksijeni ana mikono baridi na adabu, aolewe na nani sijui, lakini aolewe na mtu mzuri." Nimemwambia mwanamume haolewi, anaoa. Amesema mwandishi hafundishi, anaandika.


Beijing, 8 Oktoba

Mjomba,

Barua yako ya 22 na gazeti vimefika, na jibu la wanasheria wa Bwana Qiu limefika wiki hiyohiyo. Kanuni haikatazi mbegu kuliwa.

Aya ya nne nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Nilikuwa na hasira nawe kwa siku nane. Siku ya tisa nilimsikia karani mmoja wa wizara yao akimsomea mwenzake aya hiyo hiyo kwenye korido, imetafsiriwa Kichina, na ile picha ya mfuko alikuwa ameikunja kwa nyuma. Ungeniomba ushauri ningekuambia usichapishe chochote, na ningekuwa nimekosea. Lakini Mama akikohoa tena mahali popote, nataka niandikiwe hilo kabla ya viatu vya mtu yeyote.

Mkutano wa pili ni tarehe 23 Oktoba, hapo hapo Shipki. Ratiba ina vipengele sita. Kipengele cha nne kinasema "mapumziko", na kimepewa muda mrefu kuliko vingine vyote. Waliokiandika ni Bi. Lahiri na Bwana Qiu, na hakuna hata mmoja wao aliyecheka walipokuwa wanakiandika.

Sasa kuna ubishi utakaokutana nao kazini: wazo la kula makoja ni la nani? Huku kila mtu anasema ni la Bi. Lahiri. Upande wao wanasema ni la idara ya sheria. Wewe unasema ni la Mama. Tarehe zinaonyesha kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilimweleza Bi. Lahiri maneno ya Mama, yale ya mgeni aliyekula mlangoni. Akaniomba niyarudie. Akasema, "Mimi nilitumia miezi mitano kufika hapo. Yeye alitumia mchana mmoja, na alikuwa mgonjwa." Hilo unaweza kumwambia Mama. Usilichapishe.

Kuhusu wanyama sijui lolote. Bi. Lahiri hajaniambia, nami sijauliza.

Lhundup ameorodheshwa kama mjumbe wa kijiji cha Shipki. Hilo najua, kwa sababu orodha ya majina nimeitafsiri mimi.

Rigzin


Namgia, 25 Oktoba

Rigzin,

Mama yako hakukohoa. Naanza na hilo, kama ulivyoagiza. Alipanda kwa gari la askari wa mpakani mpaka getini, akatembea hatua chache, akakaa. Tabibu yule yule alikuwa ameshasimama upande wake na chupa mkononi, na aliiweka chini sentimita chache kutoka mstarini, valvu ikiwa imeelekezwa kwetu. Hakuitumia. Mama yako alimwambia kwa Kitibeti chake cha sokoni kwamba ameanza kunenepa. Kijana akafurahi.

Njia imepita ukaguzi. Wahandisi wa pande zote mbili wametia saini. Hiyo ndiyo habari, na ndiyo niliyoituma kwanza.

Kisha kipengele cha nne. Makoja yalivishwa, safari hii neoza mpya, bado zina utomvu. Bwana Qiu alikaa chini juu ya majani makavu, suruali yake nzuri na vyote, akakata uzi wa koja lake mwenyewe, akaanza kula. Wengine wakamfuata. Rigzin, sijaona kitu kama kile. Sisi tunapasua neoza kwa meno ya mbele, moja moja, tukijivuna. Wale wanaitia upande mmoja wa mdomo na ganda linatokea upande wa pili, na mazungumzo hayakatiki. Binti Tan, yule wa mfuko, alimaliza koja lake akaanza kutazama la jirani. Hira Lal alishindana naye. Sitaandika matokeo, kwa sababu nitaendelea kununua sukari dukani kwake. Baadaye alisema tu kwamba watu wanaokula namna ile hawawezi kuwa wabaya sana, ila bei ya neoza itapanda.

Maganda nayo ni mmea. Tan alilikumbuka hilo kabla yetu. Akachukua fagio akayafagia yote upande wetu, yeye mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji akamshikia kizoleo. Nilipiga picha, na hii mhariri ameikubali bila masharti.

Sasa la nyumbani. Lhundup alikuja. Amezeeka vibaya kuliko mama yako, naye mama yako alimwambia hivyo. Raia wa pande mbili hawaruhusiwi kukutana mstarini, kwa hiyo walikuwa wanapigiana kelele kutoka mbali kama watu walio kando mbili za mto. Lhundup alikuwa na nusu yake ya jiwe. Ikawa shida, kwa sababu nusu mbili lazima zikutanishwe, vinginevyo ushirika haujafufuka. Bwana Qiu aliuliza kuna nini. Akaelezwa. Akamwendea Lhundup, akapokea nusu kwa mikono miwili. Mtu wetu wa Delhi, ambaye mpaka hapo nilimdharau kwa viatu, akaja kwa mama yako akapokea nusu ya pili vivyo hivyo. Wakakutana mstarini, wakazisogeza. Ziliingia, isipokuwa pembeni palikuwa na pengo.

Mama yako akauliza kwa sauti ambayo ilisikika nchi mbili, "Lhundup, ulikuwa unapasua nini kwa jiwe la baba yangu?"

"Kokwa za jozi," akasema Lhundup. "Wewe hukuwepo. Ningempasua nani kichwa?"

Hapo ndipo nilipomwona mama yako akifuta uso kwa ncha ya shali. Upepo ulikuwa mkali. Naandika vyote viwili.

Nyima alikuwa amefungwa chini, upande wao, umbali wa kurusha jiwe mara tatu. Ana kijivu kichwani. Kando yake walikuwa watoto wake wawili. Kwa desturi wa kwanza ni wa aliyelea, wa pili ni wa mwenye farasi. Mama yako alimtazama mpaka gari likapiga honi. Hakuomba kumsogelea. Kwa nini Balozi hakuletwa, Lhundup aliuliza. Akajibiwa kwamba Balozi alikuwa na shughuli.

Hakuna aliyetaja orodha ya wanyama. Niliwauliza wote wawili, wa Delhi na Bwana Qiu. Wote wawili waliniambia swali langu ni zuri.

Gyalchhan


Beijing, 18 Machi

Mjomba,

Wizara zote mbili zimetangaza leo mchana, kwa maneno yale yale na kwa saa ile ile, kwamba Mlango wa Shipki utafunguliwa kwa biashara tarehe 1 Juni. Utakuwa umeshasikia. Yaliyobaki ndiyo ninayokuandikia.

Baada ya saini Bi. Lahiri aliniita, akanipa kiambatisho cha mifugo, akasema sasa ni waraka wa wazi na naweza kuusoma kama raia yeyote. Nilisoma nikiwa nimesimama. Biashara ya wanyama haimo. Mbuzi, kondoo, farasi, wote wamesubirishwa mpaka madaktari wa mifugo wa pande mbili wakubaliane. Kisha nikafika kifungu cha saba.

Kinasema mnyama aliyeachwa ng'ambo kabla ya mlango kufungwa si bidhaa. Ni amana. Atarudishwa kwa mwenyewe pamoja na watoto wake kwa mujibu wa desturi ya wenyeji, baada ya karantini ya siku ishirini na moja upande anakotoka.

Nilimshukuru. Akanizuia kwa mkono. Akasema yeye hakukiandika, na asingeweza kukiandika, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamwambia habari za Nyima. Kifungu kililetwa na upande wa China mwezi wa Novemba, hakuna wa upande wetu aliyekiomba. Bwana Qiu alikiwasilisha kwa niaba ya raia mmoja wa kijiji cha Shipki anayedai nyumbu wake, aliyeko Namgia. "Nilikisifu kwa kuwa kifupi," akasema Bi. Lahiri. "Nikaomba wiki moja nikisome. Nikatumia siku moja."

Mjomba, fikiria. Nilikaa miezi saba nimefunga mdomo, nikidhani kuwa mwaminifu ni kumnyima mama yangu. Na kumbe kilichomrudisha Nyima ni Balozi, kwa sababu Lhundup alisimama mbele ya afisa akasema anamtaka nyumbu wake.

Leo kwenye tafrija Bwana Qiu aliniuliza, kwa Kihindi anachojifunza, kama yule mama mwenye kidani cha feruzi nina undugu naye. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema siku ile ya Septemba, nilipokuwa natafsiri, aliona nimeshika meza. Alikuwa amejua toka siku ile. Hakulisema kwa sababu, alivyoona yeye, kulisema kungeniondoa kwenye chumba, na chumba kilinihitaji.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe 27 Mei. Nitapanda ndege ya moja kwa moja. Ipo sasa.

Rigzin


Rekong Peo, 14 Mei

Mpwa wangu,

Mkuu wa wilaya amebandika leo orodha ya watakaovuka au kufika mstarini siku ya kwanza. Nimeinakili. Namba moja ni Ganga Sarni wa Namgia, umri miaka sabini na mbili, bidhaa: hakuna, sababu ya safari: kurudisha nyumbu. Nilimuuliza mkuu wa wilaya kama anataka kusema lolote juu ya jina hilo. Akasema orodha ni orodha.

Daktari amemruhusu mama yako mpaka mstarini na si hatua zaidi, na kwa gari. Amekubali bila ubishi, jambo lililonitisha, mpaka nilipojua kwamba Lhundup ndiye atakayepanda na kuleta Nyima na mtoto wa pili. Amemwandikia kupitia kwa askari kwamba asije na yale manyoya mabaya ya mwaka ule.

Balozi aliingia karantini Jumatatu iliyopita, zizi la nyuma ya shule, na atatoka siku moja kabla ya safari. Mama yako anakwenda kila asubuhi kumtukana kupitia uzio. Jana nilimkuta amesimama tu, hamtukani. Nilimuuliza kuna nini. Akasema nyumbu huyu alikuja amebeba sufu, si haki arudi mgongo mtupu, basi anatunga makoja. Nikamkumbusha mbegu hazivuki. Akasema anajua. Ndiyo maana anatunga mengi, wakae wale.

Uzi umekwisha dukani kwa Hira Lal. Ukipita Delhi nunua ule mnene wa pamba.

Balozi ataondoka Namgia Jumatatu, tarehe 1 Juni, alfajiri. Mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa zetu, saa tano na nusu kwa saa zao.

Gyalchhan